Roboti ya kufagia kwa nyumba ya marumaru na mchanga mlangoni: nichukue ipi?

Ngurumo wa Kibada (Jumapili, saa 2:14 usiku)

Wakuu, habari za jioni.

Dada wetu wa kazi kaolewa mwezi uliopita. Tumemchangia hadi kabati la vyombo, tumelia, kaenda zake Morogoro. Tangu siku hiyo kufagia kumekuwa ugomvi wa kimya kimya humu ndani. Mke anatoka kazini jioni, mimi nakaa kwenye foleni ya Feri mpaka nasahau nilikuwa naenda wapi, na mtoto ana miezi tisa, anatambaa, na kila anachookota kinaishia mdomoni. Juzi nimemtoa mguu wa mende.

Nataka kununua hizi roboti za kufagia. Nyumba iko Kibada, Kigamboni: sebule, sehemu ya kulia, vyumba vitatu na korido. Chini ni marumaru kote, isipokuwa zulia la manyoya sebuleni. Barabara ya mtaa ni mchanga mtupu, ukifungua mlango umeingia nao.

Muuzaji mmoja Kariakoo kaniambia nisihangaike, niangalie nguvu ya kuvuta tu. Ana ya paskali 8,000 na ya 12,000, tofauti laki tatu. Bajeti yangu ni laki 6, nikibanwa sana laki 9. Waliowahi kutumia, nisaidieni kabla sijaliwa hela.

Chapa Ilale

Laki 9 ya kufagia? Fagio laini sokoni 5,000. Hapo una mafagio 180, kaka. Utafagia hadi mjukuu wako aoe.

Ngurumo wa Kibada

Njoo ufagie wewe basi, nakulipa hiyo laki 9 kwa awamu.

Mama Wawili

Ninayo mwaka wa pili huu, niko Mbezi. Sijutii, ila kuna jambo hakuna muuzaji atakayekwambia: nywele. Mimi nasuka, binti zangu wawili wanasuka, na msusi huja nyumbani Jumamosi. Nyuzi za rasta zikiingia kwenye brashi kuu zinajiviringa, zinasogea taratibu mpaka kwenye ncha, zinakaba pale panapozungukia. Mashine inaanza kulia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha inazima. Jumapili baada ya kanisa nakaa nayo mapajani, nina mkasi na kisu kidogo, kama ninayeparua samaki.

Kwa hiyo kama kwako kuna msuko, tafuta yenye brashi ya mpira mtupu, isiyo na manyoya, na ncha zake zichomoke kwa mkono bila bisibisi. Hilo linanihusu kuliko hizo paskali.

Halafu usidhani utabonyeza kitufe uende zako. Kabla haijatoka lazima uokote: waya wa chaja, soksi, midoli, kamba za pazia. Siku za mwanzo ilimeza waya wa chaja ya simu ikaburuta na simu yenyewe mpaka chini ya kitanda. Nilikuwa nasikia mtu ananipigia, simu siioni.

Chapa Ilale

Kwa hiyo unaifanyia usafi mashine ya usafi.

Mama Wawili

Dakika kumi. Zamani nilikuwa natumia saa nzima. Wewe endelea na mafagio yako 180.

Fundi Saketi (Jumapili, saa 4:40 usiku)

Mkuu Ngurumo, nafungua hivi vidude mezani kwangu kila wiki, kwa hiyo nitasema kirefu kidogo.

Kwanza muuzaji wako. Paskali hupimwa mdomo wa mashine ukiwa umezibwa, hewa haipiti. Ni kama kuisifu pampu ya maji wakati bomba limefungwa. Kinachobeba uchafu ni hewa inayopita pamoja na brashi inayousukuma. Tena kwako chini ni marumaru, mchanga hauna pa kujificha. Roboti ya kwanza ya Xiaomi, ile ya 2016, ilitangazwa kwa paskali 1,800 tu, na kwenye sakafu ngumu ilikuwa inafagia vizuri. Namba kubwa zina maana kwa wenye mazulia mazito ukuta hadi ukuta. Hizo laki tatu za tofauti weka mfukoni.

Pesa yako ipeleke kwenye macho ya mashine. Za bei ya chini kabisa hazioni kitu. Zinakwenda, zinagonga, zinageuka, zinakwenda tena. Chumba kimoja zitakimaliza kwa bahati, lakini nyumba yenye korido na vyumba vitatu zitarudia sebule mara nne na chumba cha mtoto zisiingie. Kuna zinazohesabu mizunguko ya magurudumu na kutumia jairo (kidude kinachohisi mashine ikigeuka), hizo huenda mistari kama trekta shambani, ila gurudumu likiteleza kwenye mchanga hesabu inapotea. Kuna zinazotumia kamera kutazama dari na kuta. Hizo hutaka mwanga, usiku umezima taa zinapapasa.

Halafu kuna za lida. Utaitambua kwa kile kikofia cha mviringo mgongoni, kama imevaa barakashia. Ndani yake laza inazunguka kama mara 5 kwa sekunde, inapima umbali hadi kwenye kila ukuta na mguu wa kiti, ramani inachorwa kwenye simu yako huku unaangalia. Giza haliihusu. Ikishajua nyumba unaweza kuiambia leo fagia jikoni tu, au usiingie pale kwenye viatu. Kwa nyumba yako, usichukue isiyo na lida. Miaka ya nyuma ilikuwa ya matajiri, siku hizi inapatikana hata kwenye bajeti yako. Udhaifu wake ni vioo. Mteja wangu mmoja ana kioo cha kujitazama kinachofika hadi chini; ramani yake ikawa na chumba cha nne ambacho fundi ujenzi hajawahi kukijenga, na mashine ikawa inagonga kioo kila siku ikitaka kuingia. Tulibandika utepe wa rangi chini ya kioo, ikatulia.

Kabla hujaenda dukani chukua futi kamba. Pima chini ya makochi na vitanda: yenye barakashia ina urefu wa karibu sentimita 10, na kochi lenye uwazi wa sentimita 9 hilo halitafagiliwa kamwe. Pima vizingiti. Nyingi hupanda sentimita 2 hivi, na mafundi wetu wanapenda kumwaga zege mlangoni kama wanazuia mafuriko.

Na lile zulia la manyoya ni adui. Nyuzi ndefu zinasokota brashi. Lizungushie mpaka kwenye ramani au likunje. Likiwa jeusi ndiyo balaa zaidi, kwa sababu chini ya roboti kuna sensa (vihisi) zinazotuma mwanga usioonekana na kusubiri urudi, ndizo zinazoizuia isianguke kwenye ngazi. Rangi nyeusi inaumeza ule mwanga, mashine inadhani imefika ukingoni mwa shimo, inarudi nyuma.

Ngurumo wa Kibada

Mkuu umetisha. Zulia ni la kijivu, lina manyoya ya kidole kizima, zawadi ya mama mkwe. Hilo la kulikunja tutaliongea faragha.

Swali la haraka: umeme? LUKU yangu inalia tayari.

Fundi Saketi

Umeme usikutishe. Betri ya kawaida ya kubwa kiasi ni volti 14.4 na miliampia-saa 5,200, yaani ampia-saa 5.2. Zidisha, ni wati-saa 75. Weka na hasara ya kuchaji, sema 100. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000, kwa hiyo unaijaza mara 10 hivi kwa uniti moja. Friji lako linakula zaidi kabla hujaamka. Labda ununue yenye kituo cha kuchajia kinachokausha matambara ya kudekia kwa hewa ya moto, hapo hesabu inabadilika.

Sandarusi

Hamjambo. Mimi niko Kisauni, Mombasa. Nami nina kisa changu cha umeme, kingine kabisa.

Nilinunua yangu mtandaoni, rahisi mno, nikajiona mjanja. Kumbe ilitengenezwa kwa soko la Uchina. Sauti Kichina, na kwenye simu haikubali kuunganishwa mpaka uchague kwamba uko Uchina bara, vitufe vingine vikabaki na maandishi ya kwao. Nikasema potelea mbali, inafagia.

Sasa nyanyangu akaja kutoka Lamu, tukamlaza sebuleni kwenye baridi. Usiku stima ikapotea. Saa tisa ikarudi. Hii mashine ikikaa kwenye chaja, stima ikirudi hutangaza kwamba imeanza kuchaji, kwa sauti ya kike, na sauti ilikuwa juu. Nyanya akasikia mwanamke anamsemesha kutoka pembeni, gizani, kwa lugha asiyoijua, na taa moja nyekundu inamtazama. Nilipotoka chumbani nimemkuta kwenye kiti, miguu juu, keshamaliza Ayatul Kursi anaanza tena.

Hadi leo hakai nyumba yenye "ile sahani yenye jini". Ushauri wangu: uliza dukani kama ni toleo la kimataifa, na waiwashe mbele yako uisikie. Ukifika nayo nyumbani, jambo la kwanza zima sauti.

Chapa Ilale

Huu uzi ulikuwa na faida tangu lini? Nimecheka mpaka bosi kaniuliza.

Bint Maskati

Assalaam alaykum jamani. Mimi ni wa Unguja, naishi Maskati mwaka wa sita. Vumbi la huku ni laini kama unga wa ngano, unafuta meza asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako juu yake. Roboti huku ziko karibu kila nyumba ninayoingia, kwa hiyo naweza kusema mawili matatu.

Vumbi laini haliui mota, linaziba filta. Mashine ikianza kuacha uchafu watu husema imechoka, wanataka kununua nyingine. Toa filta, igongegonge nje. Kama imeandikwa inaoshwa, ioshe kwa maji matupu, halafu iache ikauke siku nzima. Ukiirudisha na unyevu, vumbi linakuwa tope humo ndani na harufu utaisikia mpaka jikoni. Mimi nina filta tatu nazizungusha. Mchanga nao unakula zile brashi ndogo za pembeni zenye miguu mitatu, zinapinda kama masharubu. Ndugu Ngurumo, ukinunua mashine nunua na brashi za pembeni pakiti nzima, siku hiyohiyo.

Kuhusu vile vituo vikubwa vinavyojimwagia uchafu vyenyewe, nilikuwa nacho. Kinavuta takataka kutoka kwenye roboti kuziingiza kwenye mfuko, kwa kishindo cha sekunde kadhaa kama ndege inapaa. Mtoto mchanga akiwa amelala, pole. Mifuko ni ya kununua, haioshwi, na ya kampuni hii haiingii kwenye ya kampuni ile. Huku naagiza inafika kesho. Huko Kigamboni utaitoa wapi? Na vile vinavyofua matambara vina tangi la maji machafu. Ukilisahau siku tatu kwenye joto letu, utadhani kuna panya kafia ukutani. Kimwago kidogo cha ndani ya roboti, kile kinachokusanya uchafu, unakwenda nacho kwenye pipa mwenyewe, dakika moja yamekwisha.

Mama Wawili

Kuhusu kudeki niongezee. Yangu inaburuta kitambaa chenye maji. Inatoa vumbi jepesi lililobaki, marumaru yanang'aa. Ila uji uliokaukia chini ya kiti cha mtoto unapitiwa juu juu kama haupo, unabaki na dekio lako. Tena ukitaka ya kudeki, hakikisha ina pampu ya umeme ya maji. Zile ambazo maji yanadondoka yenyewe, ikikwama mahali unakuta kidimbwi. Na tafadhali usitie Jiki kwenye tangi. Niliharibu la kwanza hivyo, nilitaka kuua vijidudu.

Fundi Saketi

Na isikanyage maji ya kumwagika. Ile sehemu ya kuvuta haitaki maji hata kijiko. Nyumba zetu watu wanamwaga ndoo kwanza. Chagua moja kwa siku: ndoo au roboti.

Ngurumo wa Kibada (Jumatatu, saa 7:05 mchana)

Nimepima. Kochi sentimita 12, kitanda chetu 20, kabati la tivii 7 (hilo basi). Kizingiti cha jikoni sentimita 3, vya vyumba 1.5, cha choo 5. Fundi Saketi kamjua fundi wangu wa ujenzi bila kumwona.

Shemeji yangu anakuja Desemba kutoka Marekani, anasema huko zina punguzo kubwa mwezi wa Novemba. Nimwagize?

Baridi Kali

Niko Minnesota, mkuu. Polepole hapo. Umeme wa huku ni volti 120, nyumbani ni 230. Roboti yenye chaja ndogo mara nyingi imeandikwa 100 hadi 240, hiyo haina shida, unabadili plagi tu. Lakini kile kituo kinachovuta uchafu kina mota yake, na cha huku mara nyingi kimeandikwa 120 peke yake. Ukikichomeka Kibada utasikia paa, halafu moshi. Mwambie shemeji apige picha maandishi ya chini ya kituo kabla hajalipa.

Na kwenye ndege: betri iliyo chini ya wati-saa 100 inaruhusiwa kwa abiria, ila mashine izimwe kabisa, isije ikawaka ndani ya begi. Betri ya akiba haipandi kwenye mzigo wa chini, inakaa kwenye begi la mkononi.

Jambo jingine watu hawaliangalii, uhai wa kampuni. iRobot wa Marekani ndio waliozitia majumbani kwa Roomba mwaka 2002. Amazon ilitaka kuwanunua 2022 kwa dola bilioni 1.7, dili likafa Januari 2024, na Desemba 2025 wakaomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika, wakaishia mikononi mwa kampuni ya Kichina iliyokuwa inawatengenezea. Neato, hawa ndio walioleta lida kwenye roboti za nyumbani mwaka 2010, walifungwa 2023, kisha seva zao zikazimwa. Wenye mashine wakabaki na kitufe cha mgongoni. Ramani kwaheri, ratiba kwaheri. Kwa hiyo jiulize: intaneti ikikatika, au kampuni ikifa, hii mashine inafagia kwa kubonyeza tu? Jaribu dukani na simu ukiwa umeiweka mfukoni.

Ngurumo wa Kibada

Mke kasoma uzi wote nyuma ya bega langu. Anauliza: hizi zenye kamera zinatuangalia? Anasema mtu akitaka kumwona na kanga moja asubuhi amwoe kwanza.

Fundi Saketi

Shemeji ana hoja. Lida haioni sura, inajua umbali tu, ingawa hata ramani ya nyumba ni habari yako. Kamera ndiyo ya kufikiria mara mbili. Mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review lilitoa habari ya picha zilizopigwa na Roomba za majaribio, mojawapo mwanamke yuko chooni, zikafikia makundi ya mitandao kupitia watu waliolipwa kuzipanga. Wenye nyumba walikuwa wamesaini kukusanyiwa data, lakini nani alisaini hilo la mitandaoni? Na 2024 huko Marekani, roboti kadhaa za Ecovacs zenye kamera ziliingiliwa na wahuni, zikawa zinawatukana wenye nyumba kupitia spika zao wenyewe. Kuna programu ya bure inaitwa Valetudo inayoondoa baadhi ya mashine kwenye seva za kampuni kabisa, ila kuiweka si kazi ya Jumapili mchana. Chukua isiyo na kamera, mmalize.

Waifai: nyingi zinashika gigahezi 2.4 peke yake. Ikigoma kuunganishwa usiirudishe dukani, ingia kwenye ruta utenganishe mawimbi ya 2.4 na ya 5 kwanza.

Chapa Ilale

Fagio langu halina waifai wala halijawahi kumwona mke wa mtu.

Ngurumo wa Kibada (wiki tano baadaye)

Mrejesho, wakuu. Nilikaa kimya maana nilitaka kwanza niishi nayo.

Nimechukua ya lida, haina kamera, haina kituo kikubwa, paskali 4,000. Laki 6 na elfu 40. Yule wa paskali 12,000 nilimwomba aiwashe bila simu, akaanza kutafuta chaja ya simu yake. Nikahama duka.

Siku ya kwanza ilijaza kimwago mara mbili. Mke kashika kile kifurushi cha vumbi akaniangalia tu, nami nikaangalia dirishani, maana nilikuwa nimefagia mwenyewe asubuhi ile na nikajisifu. Sasa nimeiweka saa nne asubuhi, hakuna mtu nyumbani, mtoto yuko kwa bibi yake. Jioni goti halikwaruzi marumaru tena.

Kizingiti cha jikoni fundi seremala kanitengenezea mteremko wa mbao, 15,000, inapanda kama gari linaloingia kwenye pantoni. Choo nimekifuta kwenye ramani. Zulia la mama mkwe linakunjwa asubuhi na kutandazwa jioni, na akipiga simu kwamba yuko njiani linatandazwa mbio.

Ubaya: mchanga wetu mkali. Brashi ya pembeni mguu mmoja umeshakatika, na miwili imepinda vilevile alivyosema Bint Maskati. Pakiti nilikuwa sijanunua, nilijifanya nimesahau. Kariakoo nimezunguka maduka manne, wananiletea zisizoingia. Umeme ulikatika mara mbili katikati ya kazi. Yenyewe haijali, inafagia kwa betri, ila ikirudi kwenye chaja isiyo na umeme inazunguka pale mlangoni kwake kama mlevi aliyefungiwa nje. Chaja nimeichomeka kwenye kile kilinda friji, umeme ukirudi kwa fujo isiungue.

Na mtoto sasa anasimama. Anajifunza kusimama kwa kuishika mgongo, ikiondoka anaanguka kwa makalio, anacheka, anaifuata. Ikiwa inatembea inabidi mtu awe macho.

Bint Maskati, unakuja lini likizo? Brashi za pembeni mbili tu, hela nakutumia leo.

Bint Maskati

Mwezi wa saba inshallah. Piga picha ya chini ya mashine unitumie, pale kwenye msumari wa brashi na kibandiko chenye namba ya modeli. Ya juu usihangaike, juu zote zimevaa barakashia moja.